Jibini ya Masisi kwa watoto: samaki, chukudu na mitumbwi ya sambaza, bila oveni (uzi)

MamaKyeshero (Goma)

Wapendwa, salama.

Wazazi wengi hapa mjini tunanunua jibini ya Masisi, tunaikata vipande vya mraba, tunamwekea mtoto. Mtoto anang'ata pembe moja, anarudisha sahani. Kesho yake tunasema "huyu wangu hapendi fromaji" na tunampa biskuti ya pakiti. Jibini hiyo ni chakula kizuri mno kuachwa hivyo. Mtoto hukaribishwa na umbo, hasa umbo la kitu anachokiona kila siku akienda shule: chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), samaki, mtumbwi. Nyota na mioyo zina wenyewe. Watoto wa Goma wana vyao.

Nianze na jibini yenyewe, maana ukikosea hapo maumbo yatakuvunjikia mkononi. Jibini ya Masisi ni ndugu wa Gouda ya Uholanzi. Utengenezaji wake uliletwa na wamisionari wa Kibelgiji miaka ya 1970, kule milimani kwenye baridi na majani mengi ya ng'ombe. Ni ngumu kiasi, inashika kisu, na ikipata moto inayeyuka bila kuwa maji. Ila si zote sawa. Ile changa ukiibonyeza kwa kidole inarudi, ukikata kipande chembamba kinapinda bila kukatika. Hiyo ndiyo ya maumbo. Ile iliyokaa ina rangi nzito, ina harufu, ukiipinda inapasuka. Hiyo nunua kwa ajili ya kukwaruza na kukaanga, nitaieleza mkitaka. Muuzaji mwambie akukatie mbele yako, uone ya ndani.

Ikitoka kwenye friji ni ngumu, inavunjika. Iache mezani robo saa. Lakini usiiweke karibu na makala (mkaa), itatoa jasho la mafuta na kunata kwenye kisu. Kisu chenyewe kichovye kwenye maji ya moto, kifute, ndipo ukate. Unene wa nusu sentimita unatosha. Ukikata nyembamba zaidi ya hapo mkia wa samaki utabaki mezani.

Sasa samaki. Chukua kopo dogo la nyanya ya kopo, lile tupu, lililooshwa, ambalo mdomo wake hauna ncha. Bonyeza kwenye kipande cha jibini, utapata duara. Kisha sogeza kopo nusu, liwe juu ya duara hilo hilo, bonyeza tena. Utabaki na vipande viwili: kimoja kama jani, chenye ncha huku na huku, kingine ni mwezi mwandamo. Jani ni mwili wa samaki. Mwezi ugeuze, mgongo wake uguse ncha ya jani, pembe zitazame nje: huo ni mkia. Hakuna kilichotupwa. Jicho litoboe kwa mrija wa soda, kwenye tundu weka kipande cha haragwe jeusi lililoiva. Paka avoka kwenye mkate, panga samaki watano au sita wote wakitazama upande mmoja, kwa sababu sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hawaendi peke yao. Mtoto wa miaka minne anaweza kubonyeza kopo mwenyewe, na aliyebonyeza mwenyewe huyo samaki atamla.

Chukudu: ubao ni kipande kirefu cha jibini. Magurudumu ni karoti iliyochemshwa, ukate miviringo miwili minene. Shingo ni kijiti cha karoti, usukani ni kijiti cha jibini kilicholala juu yake. Gundi yangu ni avoka iliyopondwa. Usisahau mzigo! Chukudu bila mzigo watoto hawaitambui. Weka viazi vidogo vilivyochemshwa, au majani ya letusi yaliyofungwa kama fungu la kuni. Wangu walikuwa wanabishana mzigo gani unapanda Ndosho na upi unateremka Virunga.

Mtumbwi wa sambaza ndio ninaoupenda zaidi. Mnaifahamu ile mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, yenye miti mirefu mbele na nyuma kama sharubu, inayotoka Kituku jioni na taa zake. Chemsha viazi vitatu virefu vya Masisi, vikate kwa urefu, uchote katikati kwa kijiko kidogo. Ponda ulichochota pamoja na jibini iliyokwaruzwa, kitunguu cha majani na chumvi kidogo sana, rudisha ndani. Panga mitumbwi mitatu sambamba, laza vijiti vyembamba vya karoti kuiunganisha, vingine vitokeze mbele. Taa ni duara dogo la jibini, ulikate kwa kifuniko cha kalamu kilichooshwa. Kisahani cha bluu kama unacho, basi ziwa limepatikana.

Leteni yenu. Nataka uzi huu ujae vitu vya kwetu.

---

PapaMapacha_Ndosho

Mama, aksanti sana. Hii nimeisoma mara mbili. Swali langu: umesema ile iliyokaa ni ya kukwaruza na kukaanga. Hapa nyumbani tuna babula (jiko la makala) tu, moto wa oveni sijui nitautoa wapi. Inawezekana?

---

MamaKyeshero

Papa Mapacha, babula ndiyo yenyewe. Acha makala yashike majivu meupe juu, moto mkali hautakiwi. Weka kikaango kikavu, bila mafuta hata tone, jibini ina yake. Kwaruza ile iliyokaa, weka vilima vidogo vya kijiko kimoja kimoja, viache nafasi, vibonyeze kidogo viwe bapa. Usikoroge, usiguse. Kwanza itayeyuka, halafu itatoa mapovu mengi na sauti. Mapovu yakipungua na ukingo ukawa wa kahawia kama maandazi, maji yameisha ndani, toa kikaango motoni. Hesabu mpaka ishirini, ndipo uinue kwa kisu bapa.

Hapo una muda mfupi tu ambao bado ni laini, na ndipo umbo linapopatikana. Ukiilaza juu ya chupa inakuwa kigae cha nyumba. Ukiizungushia mpini wa mwiko inakuwa bomba. Ukiilaza juu ya kitako cha kikombe kilichopinduliwa na kuibana kwa kitambaa inakuwa kikapu, baadaye unakijaza kachumbari au mayai ya kuvuruga. Ikipoa inakatika kwa mlio, watoto wanapenda ule mlio kuliko kitu kingine.

Mtoto asikae karibu na kikaango. Mafuta ya jibini yanaunguza kuliko maji ya moto, na yanang'ang'ania ngozi. Kukwaruza afanye yeye, kukaanga ufanye wewe.

---

Muuguzi_Virunga

Salama wote. Nafanya kazi na watoto wadogo, na uzi huu umenifurahisha, kwa hiyo naomba niongeze ya usalama mapema kabla watu hawajaanza kupika.

La kwanza ni kukabwa. Koo la mtoto wa chini ya miaka mitano ni jembamba, na kinachoziba vibaya ni kitu cha duara kinachoteleza au kigumu: zabibu nzima, nyanya ndogo nzima, soseji iliyokatwa miviringo, karoti mbichi, karanga nzima, na pia mchemraba wa jibini. Ndiyo, jibini. Ikitafunwa vibaya inakuwa donge linalonata. Kwa wadogo kata vipande bapa vyembamba, au ikwaruze. Nyanya ndogo na zabibu zikate kwa urefu mara nne, si kwa upana. Karoti ichemshwe mpaka uma uingie. Vijiti vya meno visitumike kabisa kwa watoto hawa, hata kama maumbo yanapendeza. Na mtoto ale akiwa ameketi, asikimbie huku anatafuna.

La pili ni mikono na maji. Kipindupindu tunakijua hapa Goma, hakuna haja ya kuhubiri. Maumbo haya yanashikwa sana kwa vidole, na mengi hayarudi motoni. Kwa hiyo mikono na sabuni kwanza, ya mtoto na yako. Mboga na matunda ya kuliwa mabichi yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa kloro, au yamenywe. Stroberi ndizo ngumu zaidi kusafisha, zina vishimo, ziloweke badala ya kuzipitisha tu kwenye maji.

La tatu, jibini nyingi ya milimani hutengenezwa kwa maziwa ambayo hayajachemshwa. Wajawazito na watoto wadogo sana ningependa waile iliyopikwa: iliyeyushwa mpaka itoe mapovu, kama Mama alivyoeleza. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi, ule ugonjwa wa homa inayokuja na kuondoka na maumivu ya viungo, tunaupata kutoka kwa ng'ombe.

Mwisho chumvi. Jibini hii inalowekwa kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo chakula kinachoambatana nayo kisiongezwe chumvi.

---

MwanaWaMushaki

Docta amesema kweli, lakini naomba nami niseme upande wetu, maana nyumbani kwetu jibini ndiyo iliyotusomesha.

Maziwa yanakamuliwa alfajiri na kuletwa kwa madumu. Yanachujwa, yanapashwa moto wa vuguvugu, inatiwa dawa ya kugandisha. Yakishaganda yanakatwakatwa kwa kisu kirefu mpaka yawe punje, maji yake yanatoka. Punje zinaoshwa kwa maji ya moto, zinaingizwa kwenye kibumba cha duara, zinagandamizwa. Ikitoka hapo inalala kwenye maji ya chumvi, kisha inapanda kwenye mbao. Kila siku inageuzwa, kila siku inapanguswa. Mtu asiyegeuza atapata jibini iliyolala upande mmoja, na mteja wa Goma ataiona mara moja. Kadiri inavyokaa kwenye mbao na chumvi yake, ndivyo inavyozidi kuwa salama, wazee wetu waliliona hilo hata kabla ya maabara. Lakini kwa mjamzito na kwa mtoto mchanga sitabishana na Docta. Iyeyusheni.

Ila gamba la nje lisiende kwa mtoto. Limeshikwa na mikono mingi, limelala kwenye mbao, limepanda gari na pikipiki hadi hapo mjini. Likwanguliwe au likatwe, kisha muoshe kisu kabla ya kukata ya ndani.

Na mkinunua, msishangae bei kupanda ghafla. Barabara ya Sake ikifungwa, jibini inabaki mlimani. Ng'ombe wengi wameporwa vijijini kwetu miaka hii, na bado kuna watu wanaoamka alfajiri kugeuza jibini. Kila samaki mnayemkata kwa kopo la nyanya ametoka kwenye mikono hiyo. Aksanti kwa kuinunua.

---

MamaKyeshero

Mwana wa Mushaki, aksanti. Mungu awalinde huko juu.

---

DadaWaNguba (Bukavu)

Huku Bukavu fromaji ya Masisi inatufikia kwa boti kutoka Goma, kwa hiyo tunaikata kwa heshima!

Wangu nimewafundisha kukata mji wao. Mnajua Bukavu imeingia ziwani kwa rasi tano, watu husema ni mkono uliotumbukizwa majini. Tunachukua kipande kipana cha jibini, mtoto anaweka kiganja juu ya karatasi, anachora, anakata karatasi, karatasi inawekwa juu ya jibini, ananiongoza mimi nikate kwa ncha ya kisu. Chini yake tunaweka tango lililokwaruzwa, liwe ziwa. Halafu wanaanza: hapa ni Nguba, hapa ni kwa shangazi, huku ndiko kuna Muhumba. Nyumba ni punje za mahindi ya kuchemsha. Mdogo anataka kila mtu wa familia awe na punje yake, na hakuna anayeruhusiwa kuila ya mwingine.

Karatasi iwe safi, isiyoandikwa. Gazeti lina wino.

---

Mwalimu_Katindo

Kwa darasa la chekechea tulifanya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Viazi vilivyopondwa vinakuwa mlima, unabonyeza shimo juu kwa kijiko, unaweka nyanya iliyopikwa mpaka ikawa nzito, na kipande cha jibini kinayeyuka pembeni kikiteremka. Watoto walifurahi sana, na ilinipa nafasi ya kuwafundisha kwamba mlima ule una ziwa la moto ndani. Nawapendekezea.

---

MamaMajengo

Mwalimu, kwa heshima yote, mimi hilo sitalifanya nyumbani kwangu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 nilibeba mtoto mgongoni tukakimbia na mto ule mwekundu wa lava uko nyuma yetu. Hadi leo anga likiwa jekundu juu ya mlima anauliza kama tutalala hapa. Chakula ni mahali pa kupumzika. Siwezi kumwekea ule moto kwenye sahani nikamwambia cheka.

---

Mwalimu_Katindo

Mama, pole sana. Nimekuelewa. Darasani kwangu wengi walizaliwa baada ya hapo, na waliokuwepo walikuwa wachanga. Lakini umenifanya nifikiri: sijui kila mtoto alikuwa wapi usiku ule. Nitawauliza wazazi kwanza kabla ya kurudia.

---

MzeeHimbi

Nami niseme kidogo, wanangu. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, nyumba yangu ilikuwa njiani. Wajukuu wangu wanakaa juu ya mawe hayo hayo, ukuta wa nyumba umejengwa kwa mawe hayo hayo. Siku moja mjukuu mwenyewe, bila kuambiwa, alipanga bugari (ugali) yake kuwa mlima na kumwaga sombe (kisamvu) juu. Nikamwacha. Akasema, "Tate, hapa ndipo ulipokuwa, mimi nimekutoa." Akachota upande ule akala.

Kwa hiyo mimi nasema aliyeyapitia aamue mwenyewe. Mtoto akianza, msimzuie. Asipoanza, msimwanzishie. Mama Majengo yuko sawa, na Mwalimu hakutaka ubaya.

---

MamaKyeshero

Mzee, aksanti. Tuliache hapo. Mama Majengo, kwa mtoto wako jaribu mtumbwi. Au ndege: korongo wa ziwani, shingo ya kijiti cha jibini changa kilichopindwa taratibu kwa mkono wenye joto, mwili wa yai la kuchemsha lililokatwa nusu, miguu ya karoti. Jibini changa ikishikwa dakika moja kiganjani inapinda bila kupasuka.

---

FundiBati_Birere

Jambo. Mimi ni fundi wa bati. Mama mmoja ameniletea picha ya uzi huu kwenye simu akitaka nimtengenezee kikatio cha chukudu, nikaona nije nieleze mwenyewe, kwa sababu kuna mambo ya kuangalia.

Bati litoke kwenye kopo la chakula, mfano la maziwa ya unga. Kopo la rangi au la mafuta ya gari hapana, hata ukilichoma na kulisugua. Ukanda uwe na upana wa sentimita tatu. Upande mmoja unakunjwa kuelekea nje, kukunjwa kabisa na kugongwa, huo ndio utashikwa na mkono wa mtoto. Upande wa kukatia usinolewe kama kisu, upigwe tupa tu mpaka uwe laini. Jibini haihitaji makali, inahitaji ukingo mwembamba ulionyooka. Kwenye maungio mimi nakunja bati mbili ziingiliane na kugonga. Fundi akitaka kuunga kwa risasi mkatalie, ile risasi ya kuungia mara nyingi ina madini mabaya kwa mtoto.

Umbo lenye kona nyembamba linashika jibini ndani na halitoki. Kwa hiyo chukudu usikate kwa kikatio kimoja. Nitakutengenezea vikatio viwili, duara la gurudumu na ukanda wa ubao, mengine utaunganisha mezani. Samaki, ndizi, jani, nyumba yenye paa, hivyo vinatoka vizuri kwa kikatio kimoja.

Ukimaliza osha, kausha papo hapo, paka tone la mafuta ya kula. Bati likilala na maji usiku mmoja, kesho lina kutu.

---

PapaMapacha_Ndosho

Fundi, umenisaidia. Nakuja Birere Jumamosi, nitakuulizia.

Nimejaribu vile vya kikaango. Mapacha wamekula vyote kabla sijafika kwenye kikapu cha kachumbari. Mama yao anasema niongeze iliki ya kusaga. Nimeongeza pilipili manga kidogo upande wangu.

---

MwanaLushi (Lubumbashi)

Jambo yenu bote wa Goma na Bukavu! Huku Lubumbashi fromaji tunayopata zaidi ni ya kutoka nje, iko kwenye alimentasyo (duka la vyakula), laini kuliko yenu. Na kuna joto, mwezi wa kumi ni balaa, kipande kikikaa mezani dakika chache kinakuwa kama siagi. Kwa hiyo sisi tunakata kwenye sahani ya chuma iliyotoka kwenye friji, na tunakata asubuhi.

Umbo letu ni msalaba wa shaba. Watoto wa Katanga wanauona kila mahali, ile misalaba ambayo babu zetu walikuwa wanaiyeyusha na kuitumia kama fedha na kama mahari. Mikono yake minne inalingana, inapanuka kidogo mwishoni. Kata mraba, kisha kila upande toa pembetatu ndogo katikati, umemaliza. Zile pembetatu zinabaki kuwa pua za paka au paa za nyumba. Weka msalaba juu ya kandolo (kiazi kitamu) lililochomwa kwenye makala na kukatwa miviringo minene. Kandolo liwe bado na moto kidogo, jibini ilegee tu pembeni, isiyeyuke. Utamu wa kandolo na chumvi ya jibini, mimi sina cha kuongeza.

Mwanangu anafanya biashara nazo na dada yake. Misalaba miwili kwa yai moja.

---

MamaKyeshero

Mwana Lushi, hii ya msalaba naifanya kesho! Kandolo tunalo. Huo ndio uzi niliokuwa nauomba.

---

Bibi_arusi_Mabanga

Samahani kwa swali. Mtoto wangu akinywa maziwa tumbo linajaa gesi na anaharisha. Nikimpa hii jibini si itakuwa vile vile?

---

Muuguzi_Virunga

Dada, inategemea. Kinachosumbua matumbo mengi ni sukari ya maziwa, na jibini ngumu iliyokaa imebaki nayo kidogo sana, nyingi imetoka na maji yake na iliyobaki imeliwa na vijidudu vya kuchachusha. Watoto wengi wa namna hiyo wanaila bila shida. Anza na kipande kidogo cha ile iliyokaa, siyo changa, umpe pamoja na chakula kingine, umtazame.

Lakini kama mtoto akipata maziwa anavimba midomo, anatokwa na vipele, au anapumua kwa shida, hiyo ni aleji, ni jambo lingine kabisa. Huyo asipewe jibini ya aina yoyote, mlete tumwone.

---

DadaWaNguba

Na ya kubeba shuleni? Wangu wanatoka saa kumi na mbili na nusu, rekreasyo (mapumziko) ni saa nne. Boksi lake halina baridi.

---

Muuguzi_Virunga

Jibini ngumu itavumilia hadi saa nne, hasa kwa hali ya hewa yetu ya Kivu. Kwa Lubumbashi nisingesema hivyo. Yai la kuchemsha, viazi vilivyopondwa na avoka usiviweke, hivyo ni vya nyumbani, viliwe ndani ya saa mbili. Shuleni peleka samaki wa jibini juu ya mkate mkavu na karoti iliyochemshwa na kupozwa, vikauke kabla ya kufunika boksi. Unyevu ndio unaoharibu.

---

DadaWaNguba

Sawa Docta. Basi avoka inabaki ya jioni.

---

MamaKyeshero

Na kama jioni utaikata mapema, ikamulie marakuja au limao juu, haitakuwa nyeusi haraka.

Vipande vinavyobaki, vile vya pembeni visivyo na umbo, msitupe. Mimi naviweka kwenye bakuli, vikifika kiganja kimoja nakatakata, nachanganya na viazi vilivyopondwa na yai, natengeneza vidonge bapa, nakaanga. Mtoto anavipa umbo kabla ya kuingia kwenye mafuta. Juzi vilitoka kobe wanne na kitu ambacho mwenyewe alisema ni boti ya Bukavu.

---

PapaMapacha_Ndosho

Swali la mwisho kwangu. Umeme ukikatika siku mbili na nimenunua nusu ya jibini nzima, naihifadhi vipi?

---

MamaKyeshero

Papa Mapacha, nusu nzima inavumilia kuliko vipande, kwa hiyo usiikate yote. Chemsha maji, tia chumvi, yapoe. Lowesha kitambaa safi cha pamba, kikamue mpaka kisidondoke, funga jibini, uiweke kwenye sufuria yenye kifuniko, sakafuni, upande wa nyumba usiopigwa na jua. Mfuko wa plastiki uliobana hapana, itatoa jasho na kunuka. Kila asubuhi badilisha kitambaa na uigeuze, kama Mwana wa Mushaki alivyosema wanavyofanya kwenye mbao. Ikitokea ukungu juu, kata sehemu hiyo na vidole viwili vya pande zote, kisu kisiguse ukungu, iliyobaki ni nzuri. Ila hiyo ni kwa jibini ngumu tu. Ile laini ya Mwana Lushi ikipata ukungu, itupwe yote.